Mwenyekiti wa Muda

Pale Mwakitolyo nilikuwa nauza chai na chapati karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Benchi langu lilikuwa bunge. Kila asubuhi wachimbaji walikaa hapo wakimsema mwenyekiti wa muda wa machimbo yetu: anagawa maduara, yale mashimo ya kuchimbia, anavyotaka, uchaguzi anausogeza tu, kila mwaka yeye ni wa muda. Mwisho wakanigeukia mimi. "Mama, wewe una mdomo. Muulize mkutanoni, sisi tuko nyuma yako."

Nikauliza. "Mwenyekiti, huo muda unaisha lini?"

Nyuma yangu wakainamisha vichwa. Mwenyekiti alitabasamu, akasema suala linashughulikiwa. Halafu mmoja wa wale wale wa benchini kwangu akainuka: "Jamani, tumpigie mwenyekiti makofi ya kilo." Yakapigwa hasa.

Kuanzia kesho yake nilikunywa chai yangu peke yangu. Hakuna aliyenitukana, afadhali wangenitukana. Jirani yangu muuza maandazi, ambaye tulikuwa tukiachiana watoto, alinisalimia kwenye njia ya chooni tu, kwa sauti ya chini, "Mwangaluka," kisha akatazama kando. Kila mtu alikuwa na sababu yake: huyu anaomba duara, yule mkewe mjamzito. Zilikuwa sababu za kweli kabisa, ndiyo maana sikuwa na wa kugombana naye. Mchana nilifuta benchi ambalo halikuwa limekaliwa.

Siku moja akaja mwenyekiti mwenyewe. Akaniamkia shikamoo, maana ni mdogo kwangu, akaketi, akaagiza chai ya rangi.

"Mama, mbona hapa siku hizi kumepoa?"

"Si unajua mwenyewe."

Akashusha kikombe. "Mimi sijamkataza mtu."

Nilimtazama vizuri. Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake benchi likajaa. Walicheka, wakadai chapati zangu walikuwa wakiziota. Jirani akaja kuazima sukari kana kwamba tuliagana jana. Mkutano haukutajwa. Mmoja akasema kumbe mwenyekiti hana kinyongo, naye apigiwe makofi ya kilo.

Wakapiga. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikaendelea kulishika hata chai ilipokwisha.