Kiwanja Kilichoachwa Cheupe

Ofisini kwao, manispaa, walimwita Mama Rula, kwa sababu rula haikumtoka mkononi hata akienda kunywa chai. Kwa miaka thelathini na moja alichora ramani za mji: barabara ipite wapi, soko likae wapi, watoto wachezee wapi. Mkono wake haukutetemeka, na ulimi wake ndio usiseme. Mhandisi akileta barabara inayokatiza katikati ya shule, humwuliza, "Na watoto tuwaambie wavae kofia ngumu?" Lakini ukimgusia mtaa wake mwenyewe, anakuwa bubu.

Mtaa huo ulikuwa na uwanja. Jioni akina mama walitandika mikeka, wakasukana nywele, wakawasengenya wasiokuwepo, nao watoto wakapiga mpira mpaka waitwe mara ya tatu. Mama yake alikuwa na mahali pake pale, na ole wake atakayepakalia.

Miaka ishirini na sita iliyopita, Mama Rula alipewa kazi ya kunakili ramani ya mtaa huo. Kanuni ya ofisi ilikuwa rahisi: eneo la wazi hupakwa kijani, kiwanja kisicho na mwenyewe huachwa cheupe ili kigawiwe. Alipofika kwenye uwanja wa nyumbani, wino wa kijani ukaisha. Stoo wakamwambia, njoo Jumatatu. Akauacha mweupe, akijiambia atamalizia. Jumatatu mwanawe akaamka na homa, akabaki kumuuguza, na aliporudi kazini ramani ilikuwa imeshatiwa saini. Angeweza kusema. Aliona aibu, akanyamaza siku moja, na siku moja ikazaa nyingine. Mwaka haukwisha, pale penye weupe pakaota ghala na ukuta mrefu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo mama yake huweka kigoda mlangoni akautazama ukuta. "Aliyetunyang'anya uwanja wetu, Mungu anamwona," husema kila jioni. Na kila jioni Mama Rula huingia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwaka huu, ukiwa umebaki mwezi mmoja astaafu, alisikia kwamba muda wa mwenye ghala kukitumia kiwanja kile unakwisha. Akamwandikia barua mkuu wa mipango, akaeleza kila kitu, wino, homa na aibu yake, akaomba uwanja urudishwe. Alitamani jambo moja tu: mama yake akae tena pale, hata kwa jioni moja, kabla hajafumba macho.

Mkuu aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Mama yangu, mbona umechelewa hivi? Wiki iliyopita tu tumemwongezea muda. Miaka thelathini na mitatu."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mama yake alikuwa mlangoni kama kawaida. Mama Rula hakungoja hata kuweka mkoba chini.

"Mama, uwanja niliupoteza mimi," akasema, na akamweleza yote tangu mwanzo, huku machozi yanamtiririka.

Bibi kizee akauacha ukuta, akamgeukia.

"Kwa hiyo ndiyo maana nikikaa hapa wewe unakimbilia jikoni?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi miaka yote hiyo nadhani umenichoka." Akajifuta macho kwa kiganja. "Uwanja nimeshazoea kuukosa, mwanangu. Kukukosa wewe ndiyo sijazoea."

Mama Rula akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili.