Maziwa ya Njano

Juzi ng'ombe wangu mmoja wa Gahanga alizaa, nami nikaonja maziwa yake ya kwanza. Ng'ombe wote nimewanunua kwa jasho langu, bila diploma. Harufu ile nzito ilinirudisha utotoni Kanombe, nilipougua ugonjwa wa manjano, macho yakageuka rangi.

Dada yangu alinionya, "Ugonjwa huo ukizidi, mtu huona kila kitu njano. Siku ukiona maziwa ya njano, wewe umekwisha."

Mchana mmoja bibi akanipa kikombe. Maziwa yalikuwa njano kabisa! Nikalia.

Bibi akacheka. "Kunywa, mjukuu wangu. Ng'ombe wa jirani kazaa jana; maziwa ya kwanza huwa hivyo."

Sikumwamini. Nilichungulia kikombe kila mchana, hadi maziwa yakawa meupe. Nikazunguka mtaa mzima nikijigamba kwamba nimepona. Kumbe yaliyopona ni maziwa tu; macho yangu yalikuwa bado kama papai.