Zima Injini Kwanza

Siku yangu ya kwanza forodhani Vurra, mpakani mwa Uganda na Kongo, mwishoni mwa miaka ya themanini, mkuu wa kituo alinipa sindano kabla hajanipa kiti. Sindano ni chuma kirefu chenye ncha cha kuchomea magunia, ili usikie kama kuna kitu kigumu kimefichwa ndani. Mkuu alikuwa mtu wa Koboko aliyewahi kuwa jeshini. Sote tulimwita Afande.

"Mutu ya forodha hapana kagua lori kutoka chini," aliniambia.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala, mtu wa kuwaza kila jambo kupita kiasi. Lakini nilipanda.

Mwezi wangu wa pili kazini niliteleza juu ya turubai lenye umande, nikaangukia kisogo. Daktari wa Arua alisema mfupa wa kichwa ni mzima, ila ubongo umetikisika. Nikapumzika nyumbani Awindiri, nikarudi kazini nikidhani nimepona. Kumbe injini ikinguruma karibu, kichwa kinauma, masikio yanavuma, macho yanaingia ukungu, mikono inatetemeka kabla sijakanyaga gurudumu. Nikianguka tena je? Na kama ubongo umeharibika, na daktari ananificha?

Afande aliniona nimeng'ang'ania bodi ya lori, sipandi. "Nakupa mpaka siku ya soko. Ukishindwa, nitaomba mwingine." Mshahara ule ndio uliosomesha wadogo zangu.

Nilichunguza hofu yangu mpaka nikaona kwamba ngurumo ya injini ilinishinda kuliko kupanda juu. Nikamwomba dereva mmoja Mkongo, Papa Lobo, azime injini.

"Mwana, hii lori haina stata! Nikizima, nani atasukuma? Wewe, na kichwa yako ya yai?"

Wapakizi walicheka sana. Na kweli, malori mengi ya njia ile yaliwashwa kwa kusukumwa.

Nikamwendea Afande na pendekezo: tukagulie malori juu kilimani, mteremko unapoanzia, lori likiachiwa litajiwasha lenyewe.

"Sababu ya kichwa yako tu?"

"Ndiyo, Afande."

Akanitazama. "Jaribu moja."

Siku ya soko Papa Lobo akasimama pale juu, mawe chini ya magurudumu, akazima. Nikapumua, nikapanda, nikaanza kuchoma magunia. Katikati ya maharage sindano ikagonga kitu, mlio mdogo ambao injini ingeumeza. Tukafungua gunia: stata mpya, bado zina grisi.

"Papa, kumbe stata iko!" nikamwambia.

"Hiyo ya kuuza, mwanangu. Hapana ya kuwasha."

Afande alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kuanzia hapo ukaguzi ukahamia mteremkoni.

Nilihamishiwa Koboko, kisha ofisi ya Arua Hill, na kila kituo nilianza kwa kuomba injini izimwe. Masikio bado yanavuma, na jua kali hunitia kizunguzungu. Niliacha kungoja yaishe. Kizunguzungu kikinijia, nashika mlango wa lori, nasubiri, naendelea. Ninyi vijana, mkiumia msione haya kuomba kinachowawezesha kupanda.

Siku ya kustaafu nilikwenda Vurra kuaga. Malori yote sasa yana stata, lakini madereva walikuwa wameyapanga mteremkoni, na waliponiona wakazima moja baada ya jingine. Nikaomba sindano, nikapanda la kwanza. Mikono ilitetemeka vilevile kama zamani.