Mwalimu Dualeh Ahesabu Mbuzi wa Watu

Baba yake Dualeh ana lori, na nyuma ya lori hilo, mahali ambapo watu wenye akili timamu huandika Mashallah, mwanawe alimwita fundi wa rangi aandike 2147483647. Ukimuuliza hiyo ni simu ya nani, umekwisha. Atakusimamisha juani pale mtaani Kiwanjani akueleze kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwamba ukizidisha mbili kwa mbili mpaka mbili zitimie thelathini na moja, kisha ukatoa moja, unaipata hiyo hiyo. Aibu gani hii! Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, anaringia namba ambayo hata hakuigundua yeye.

Huyo ndiye aliyetaka kumwoa Tiya, binti ya Mzee Diba, Mborana mfugaji wa Ngaremara. Alimtaka kweli, hata chakula kilimshinda. Tiya naye alikuwa ameridhika, Mungu anajua kwa lipi. Baba mdogo wa Dualeh, Mohamednoor, akapanga siku ya posa. Kabla ya siku hiyo Dualeh alikwenda asubuhi mapema kwa Mzee Diba, akasimama nje ya zizi mbuzi wakitoka kwenda malishoni.

Siku ya posa salamu zilienda vizuri, chai ya maziwa ikaletwa, Mohamednoor akazungumza kwa adabu. Si angenyamaza tu? Wapi!

"Mzee, nimehesabu mbuzi zako," Dualeh akasema, uso unamng'aa. "Ziko mia nne na tisa. Haigawanyiki! Nimejaribu kugawa mpaka kwa kumi na tisa, na ukipita hapo hakuna haja ya kuendelea."

Ndivyo walivyo hawa waliolelewa na malori. Mfugaji hahesabiwi mifugo yake. Yeye mwenyewe huijua kwa rangi na kwa mama zao, na anayeihesabu kwa sauti anaiitia kifo. Mtoto wa miaka mitano Ngaremara anajua hilo.

Mzee Diba aliweka kikombe chini. "Umehesabu zote?"

"Zote, Mzee!"

"Mohamednoor, chukua mtoto yako muende."

Dualeh alilia njia nzima mpaka mjini, na baba yake mdogo hakumpa hata kitambaa. Baada ya siku chache akampigia Tiya simu, akaapa kwamba atarudi kumwomba mzee radhi.

"Baba ameshakusamehe," Tiya alisema. "Anasema wewe ni mjinga tu, si mtu mbaya. Mimi ndio nimekataa. Ile asubuhi nilikuja mpaka kwa zizi nikakusalimia, nimekubebea chai. Uliniinulia mkono ninyamaze. Hata hukuniangalia, Dualeh."

Neno moja tu la samahani lingemtosha msichana yule, na alikuwa amelisubiri tangu siku ile.

"Lakini Tiya," Dualeh akasema, "nilikuwa nimefika mia tatu na saba."