Kiti Kimoja Kwenye Ndege ya Pili

Dada yangu alipoandika kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni na madaktari wamepanga kumpasua siku ya Alhamisi, mwishoni mwa barua aliweka ombi moja tu: Mama awe amefika kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa amemfuata mumewe masomoni Ulaya, na huko hakuwa na ndugu mwingine wa kumshika mkono. Huyo mume mwenyewe akiona damu anaanguka. Shemeji akatuma tiketi mbili, moja ya Mama na nyingine yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua Kiingereza.

Nilikijua kweli, na nilijivuna nacho kupita kiasi. Nilikuwa karani mjini, napiga taipu barua za kampuni zilizofunguliwa enzi za ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa, na nikirudi nyumbani Temeke jioni niliongea na Mama kwa ile sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mama alivumilia. Wiki nzima kabla ya safari alikuwa akitwanga pilipili manga za uji wa mzazi na kuzifunga kwenye vitambaa, na mimi nikamwambia mara tatu kwamba huko kuna maduka.

Ilitupasa kubadili ndege kwenye uwanja mmoja mkubwa wa njiani, tukiwa na saa mbili tu mkononi. Tulitua hapo Jumatano asubuhi. Nilizoea uwanja wetu wa Dar, ambapo siku hizo ukishuka ngazi za ndege unatembea kwa miguu hadi jengoni huku ndugu zako wanakupungia mikono. Hapa hapakuwa na wa kumpungia mtu. Jengo lilikuwa refu hata sakafu yake sehemu nyingine ilikuwa ikitembea yenyewe kuwabeba watu. Mama alipiga bismillahi, akanishika kiwiko, tukabebwa.

Kaunta ya abiria wanaounganisha ndege ilikuwa na foleni ndefu. Kila mtu alitakiwa achukue hapo kadi ya kupandia ndege ya pili. Sikuwa na hakika kama tuko mahali penyewe, kwa hiyo nilitaka kwenda kusoma ubao mkubwa wa ratiba za ndege.

"Mama, usibanduke hapa," nikamwambia.

"Miguu imenivimba, mwanangu."

"Dakika kumi tu. Simama hapo hapo."

Nilichokisahau ni kwamba katika mambo ya foleni Mama alikuwa bingwa. Ile miaka ya shida, sukari na sabuni zilipokuwa zikija kwa nadra kwenye duka la ushirika, wanawake wa mtaani kwetu walipanga mawe. Jiwe, kipande cha tofali, kopo bovu, hata kandambili moja iliyokatika. Unaweka kitu chako kwenye mstari alfajiri, unamwonyesha wa nyuma yako, unarudi nyumbani kupika. Duka likifunguliwa, kila mtu anasimama nyuma ya jiwe lake. Aliyethubutu kusogeza jiwe la mwenzake alisemwa mtaa mzima kwa wiki nzima. Foleni hizo zilimfunza Mama kuliko shule ilivyonifunza mimi.

Basi miguu ilipomzidi, akaweka kapu lake la ukindu sakafuni. Akamgusa bega bwana wa nyuma yake, akamwonyesha kapu, akajionyesha mwenyewe, akamwonyesha mabenchi ya upande wa pili. Bwana yule akatikisa kichwa kukubali. Mama akaenda zake kukaa. Kwake yeye kapu lile halikuachwa. Lilikuwa limesimama foleni kwa niaba yake.

Niliporudi nilikuta kamba imezungushwa, watu wamesogezwa mbali, na kapu letu liko peke yake katikati ya sakafu tupu. Askari wawili walikuwa wanalikodolea macho kama vile lina bomu ndani. Mama alikuwa upande wa pili wa kamba, anawaita kwa Kiswahili, kwa upole kabisa: "Baba, hilo langu. Nimeweka nafasi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Tulichukuliwa kwenye chumba kidogo, mbwa akaletwa kunusa, vitambaa vikafunguliwa kimoja kimoja. Askari mmoja akaisogeza pua karibu na pilipili manga, akapiga chafya kama sita hivi mfululizo. Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilikuwa na hasira, tena si na askari.

Tulipofika kaunta muda ulikuwa umekwisha. Ndege haikuwa imeondoka, lakini viti vyetu walikuwa wameshawapa wengine. Msichana wa kaunta, wa rika langu, alipiga simu, akabonyeza mashine yake, akasema wamepata kiti kimoja. Ndege nyingine ilikuwa kesho yake, na ingefika mchana, dada akiwa ameshapasuliwa.

Kisha akamtazama Mama, akaongea taratibu ili nimwelewe. Akasema mzee anayesafiri peke yake wao humkalisha kwenye kiti cha magurudumu, humpeleka hadi ndani ya ndege, na kule anakofika mtu mwingine humpokea na kumkabidhi kwa jamaa zake mkono kwa mkono. Akasema wanafanya hivyo kila siku.

Nilielewa kila neno.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Imebaki nafasi moja," nikasema. "Wanasema niende mie."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilihofia atapotea. Si kweli. Nilikuwa na hasira naye. Nilimwona kama mtu asiyeweza kuachiwa hata kapu, na sikuweza kufikiri kwamba kuna mahali angefika bila mimi kumtangulia. Nilisema uongo ule upesi, bila hata kumeza mate.

Mama niliyemjua mimi angebisha. Angesema mtoto ni wake, aliyeitwa ni yeye. Lakini lile jambo la kapu lilikuwa limemvunja. Akatoa kanga mpya moja kwenye kapu, akanipa.

"Basi nenda, mwanangu. Mwenzio asilale peke yake. Mwambie nakuja."

Msichana wa kaunta akaahidi kumtafutia pa kulala na kumpandisha ndege kesho yake. Mimi nikakimbia.

Jioni niliingia wodini. Dada alikuwa ameinuka kwenye mito, amejiweka tayari, na macho yake yakapita juu ya bega langu hadi mlangoni.

"Mama kaenda chooni?" akauliza.

Nilimweleza kwamba kilipatikana kiti kimoja tu. Aligeukia ukutani, nami nikamfunika ile kanga, nikajaribu kumwambia maneno ambayo Mama angemwambia. Yalinitoka makavu, kama barua za ofisini. Asubuhi nilimshika mkono hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na mkono wake ulikuwa wa baridi, haunishiki. Alijifungua salama, mtoto wa kike.

Mchana mimi na shemeji tulikwenda kumpokea Mama. Alitokea anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kachangamka, anamshukuru kwa Kiswahili kijana aliyekuwa akimsukuma, na kijana anaitikia kwa lugha yake.

"Wamenishika kama yai," akasema. "Mpaka mkanda nimefungwa. Kumbe wana utaratibu mzuri hivi! Jana hawakuwa nao?"

"Hawakuwa nao," nikasema.

Mama ameshatangulia mbele ya haki, na alikwenda akiamini hivyo. Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Kila tunapokutana, akimwomba mama yake asimulie siku aliyozaliwa, dada huanza vilevile: siku ile, anasema, nilikuwa peke yangu. Mimi huwa nimekaa hapo hapo karibu naye, na sijawahi kumsahihisha.