Mama Filbert Alivyopewa Uchawi

Watu wa Marangu wakikuambia Mama Filbert ni mchawi, waulize wamemwona wapi akiroga. Watakujibu: kwenye video. Hasira hunipanda kila nikisikia hivyo, maana mimi ni jirani yake wa miaka thelathini, tumetenganishwa na mfereji na migomba tu.

Huyo Mama Filbert wanayemwogopa, Margareta kwa jina lake, alikuwa bibi harusi wetu wa jukwaani. Mwaka themanini na saba kiwanda alichofanyia kazi Moshi mjini kilikuwa na kikundi cha maigizo. Kila mchezo ulikuwa na msichana wa kugombewa, na msichana alikuwa yeye, ingawa nyumbani alikuwa na watoto watatu. Watu walipanda jukwaani kumtunza vitenge. Kisha kiwanda kikauzwa, tajiri mpya hakuwa na haja na maigizo, Margareta akarudi kihambani, kwenye migomba yake, kukatia ng'ombe majani.

Mwaka elfu mbili na nne akatokea Shedrack, kijana wa mjini mwenye kamera, anatafuta waigizaji. Margareta akasuka nywele, akavaa gauni la Pasaka. Alidhani atapewa angalau umama: mama wa mchumba, mama wa kulia msibani. Shedrack akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mama, kwa umri wako nina nafasi mbili. Maiti au mchawi."

Akachagua mchawi, kwa kuwa maiti haongei, na Margareta anapenda kuongea.

Aliigiza sawasawa, na hilo ndilo kosa lake. Kwenye mkanda anaingia chumbani kwa mzazi, anamlamba mtoto mchanga utosini, mtoto anakufa. Kibanda cha video kilijaa wiki nzima. Mimi mwenyewe nilipiga kelele, na kesho yake nikaona uzito kupokea maziwa ya ng'ombe wake aliyoniletea. Niliyapokea, lakini nilisita, na aliniona.

Priska, mke wa Filbert, aliutazama mkanda huo akiwa na mimba ya miezi minane.

Kwetu mke wa mwanao akijifungua, wewe ndiye unayemlea: mtori wa ndizi na nyama, maziwa, kumwogesha mtoto, miezi mitatu mizima. Huyo alikuwa mjukuu wa kwanza wa Margareta, na hakuna jukwaa alilowahi kulitamani hivyo. Alishuka hadi kwa Filbert na mkewe, Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, na ndoo ya mtori kichwani. Priska akajifungia chumbani na mtoto. Filbert akasimama mlangoni, macho chini.

"Mama, acha tu hapo nje. Priska anaogopa."

"Anaogopa nini, na mimi ni mama yako?"

"Ni ile video, mama."

Alishuka mara nne. Mara ya nne alimwimbia mtoto kupitia dirishani, mpaka Priska akalifunga.

Mtoto alipofikisha wiki sita akashikwa na homa. Mbu wa Mabogini nani asiyewajua? Lakini hakuna aliyetaja mbu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa Margareta tunamenya ndizi, Filbert akaingia. Margareta akainuka mbio, mikono imejaa utomvu, akijua amefuatwa akalee.

"Shikamoo, mama."

Filbert akapiga magoti. Mkononi alishika jani la isale, lile ambalo Mchagga humpelekea aliyemkosea akitaka msamaha.

"Mama, kama tumekukosea, tusamehe. Mwachie mtoto."

Isale haikataliwi. Akiikataa, amemnyima mwanawe msamaha, na mtoto akifa ni yeye. Akiipokea, amekubali kwamba ndiye aliyemshika mtoto. Nilitaka kumpokonya Filbert hilo jani nimchape nalo usoni. Margareta akajifuta mikono kwenye kanga, polepole sana, akalipokea.

"Nimemwachia," akasema. "Mpelekeni zahanati leo hii. Msingoje kesho."

Wakampeleka, akatibiwa kwa kwinini, siku ya nne akapona. Sasa kila nikimtetea Margareta wananiuliza, si alikiri mwenyewe, na mtoto si alipona? Mtoto anakwenda mwaka wa pili, na bibi yake hajamshika hata mara moja.