Fundi aliyekata koti la marehemu

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani anazungusha futi kiunoni mwa mteja. Anaitamka namba kwa sauti: "Themanini na nne." Mkewe, aliyeketi kwenye stuli karibu na mlango, anaiandika. Mteja anaaga. Fundi anachukua chaki, anainama mezani, anasita.

"Ngapi vile?"

"Themanini na nne, baba watoto."

Ni mara ya tatu anauliza.

Fundi huyu ana miaka 67, na kwa miaka 41 ameishi kwa sindano. Zamani hakuandika kipimo cha mtu. Ukirudi baada ya mwaka, alikuambia umenenepa kabla hujakaa.

"Walinitania kwamba naweza kumshonea mtu suruali kwa kusikia tu hatua zake," anasema. Anacheka, kisha kicheko kinakatika.

Miaka minane iliyopita alianza kuhema kwa kupanda ngazi nne za chumba chake cha kazi. Hospitali ikamwambia moyo wake umepanuka kwa sababu ya presha iliyokaa juu muda mrefu. Akapewa vidonge vya kila siku, maisha yake yote.

"Nilimeza miezi mitano. Nikajiona buheri wa afya. Nikasema dawa ni za mgonjwa, na mimi siumwi."

"Nilimsema mpaka mate yakanikauka," anadakia mkewe. "Ananijibu, umesomea lini udaktari?"

Kisha akaanza kusahau alipoweka mkasi. Mara anaita mtoto kwa jina la shangazi yake. "Tukasema uzee huo," anasema mke. "Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka."

Mwaka jana, jirani yao mjane alileta koti la marehemu mumewe. Alitaka lipunguzwe ili bintiye alivae siku ya mahafali. Fundi alimpima binti asubuhi, alasiri akakata. Alikata kwa vipimo vya mtu mwingine, mtoto wa miaka kumi.

"Yule mama hakunigombeza. Aliinama akaokota vipande vyote, hata vile vidogo vya sakafuni, akavitia kwenye mkoba. Bora angenitukana."

Kesho yake mkewe alimburuta kliniki. Presha ilikuwa 182 kwa 106. Daktari akamweleza kwamba presha iliyouchosha moyo huweza pia kuchakaza mishipa midogo ya ubongo, polepole, bila maumivu yoyote.

Fundi aliuliza swali moja: "Ningemeza tangu mwanzo, leo ningekuwa nakumbuka?"

"Hakuna anayeweza kukuapia, mzee wangu," daktari alimjibu. "Ila ungekuwa umejipa nafasi."

Jibu hilo, anasema, ndilo linalomnyima raha.

Sasa anameza dawa kila asubuhi mbele ya mkewe, na presha imeshuka hadi 134 kwa 80. Amepunguza chumvi. Hakati tena kitambaa mpaka mke asome namba mara mbili. Aliyoyasahau hayajarudi.

Jumapili hii anasafiri kwenda kwa mdogo wake, seremala wa miaka 59, ambaye naye ana presha na moyo unaomsumbua, na vidonge vyake vimejaa vumbi kabatini. Anataka kumshika mkono hadi kliniki.

"Yeye bado anakumbuka kila kitu, hata nyimbo alizotuimbia mama," anasema. "Ndiyo maana nataka kumuwahi."